Mstari wa Rangi ya Kucha

Barua iliingia chumba cha gesi juu ya trei, imefunikwa kitambaa cheupe kama kifungua kinywa cha mgeni wa ghorofa ya tatu. Aliyeileta alikuwa mtunza stoo, na alivyoishika trei ungedhani chini ya kitambaa kuna nyoka. Akaitua juu ya meza ya kazi, kati ya spana na kopo la mipira ya vali, kisha akarudi nyuma hatua mbili.

"Meneja anasema usome, utie sahihi, upande nayo barazani saa tisa. Mwenye hoteli atakuwepo."

"Mbona imefunikwa?"

"Ndivyo nilivyopewa."

"Barua nayo inaogopa nzi?"

Mtunza stoo hakucheka. Alikuwa akitazama vidole vya miguu yake kana kwamba ameviona kwa mara ya kwanza.

Mwanamke aliyekuwa akiongea naye ndiye aliyeijazia hoteli ile saifoni, zile chupa za maji ya gesi zenye kichwa cha kubonyeza, na wenzake walimwita Mapovu. Wengine walisema ni kwa sababu ya kazi yake. Wengine, hasa waliowahi kugombana naye, walisema ni kwa sababu ya mdomo wake. Yeye aliliitikia jina bila kuuliza wametumia sababu ipi.

Alikitoa kitambaa, akasoma akiwa amesimama.

*Mimi, mjazaji wa chupa za maji ya gesi, nakiri kwamba chupa iliyopasuka siku ya Jumatatu ilipasuka kwa uzembe wangu. Naomba radhi kwa mwenye hoteli, kwa Meneja, kwa wageni walioshtushwa na kishindo, kwa kitambaa cha meza na mto wa kiti vilivyoharibika, na kwa mhudumu aliyeumia.*

Akarudia kuisoma. Mara ya pili alisoma kwa sauti, na alipofika kwenye mto wa kiti akasimama.

"Mto wa kiti umemtangulia wifi yangu," alisema. "Mto! Mto una vidole? Mto umeshonwa nyuzi kumi na moja hospitali?"

"Dada, mimi nimetumwa tu."

"Na Jumatatu?"

Mtunza stoo aliisogeza trei ukingoni mwa meza.

"Nakuuliza, Jumatatu nilipokuwa mapumziko, nani alijaza chupa zile?"

"Nilitumwa," mtunza stoo alisema. "Meneja alisimama hapo hapo ulipo. Alisema jaza mpaka shingoni. Ningemwambia nini?"

"Ungemwambia hapana. Ni neno fupi. Hata mtoto anayejifunza kusema hulipata mapema."

Mzee wa watu akachukua trei yake tupu akaondoka. Mapovu alitaka kumtupia maneno mengine mgongoni, akayameza. Hasira yake haikuwa ya mtu huyo. Ilikuwa ya mtu aliyekaa ghorofani na kalamu ya wino, akaandika kosa lake kwa mkono wake, kisha akaacha nafasi chini ili mwingine atie sahihi.

Chumba cha gesi kilikuwa chini ya ngazi za nyuma, jirani na chumba cha kufulia. Kulikuwa na mitungi miwili ya gesi iliyofungwa kwa mnyororo ukutani, tangi la maji ya baridi, na mashine. Mashine ilikuwa nzee kuliko Mapovu. Baba yake aliitumia miaka ishirini na sita, na alipofariki binti akaingia na cheti chake cha chuo cha ufundi mkononi, akakuta kwamba karibu kila alichosomea darasani baba alikwisha kumfundisha kwa kumpiga vidole kwa kijiko.

Kijiko kile cha shaba bado kilining'inia kwenye msumari. Kila chupa iligongwa nacho kwanza. Chupa nzima ililia kama kengele ndogo. Chupa yenye ufa ilitoa sauti ya kikombe cha bati, na hiyo haikujazwa, hata kama ufa wenyewe hauonekani. Iliyopona mtihani huo ilioshwa, ikawekwa kichwa chini ndani ya kizimba cha chuma cha mashine, kwa sababu saifoni hujazwa kwa mdomo uleule inaotemea. Maji ya baridi yaliyokwisha kushiba gesi yaliingia kwa nguvu, yeye jicho kwenye geji. Maji yawe baridi, maana yakiwa baridi huishika gesi. Yakipata joto huiachia.

Na lilikuwepo jambo moja ambalo baba yake hakulisema kwa kijiko. Alimshika mkono, akauweka ubavuni mwa chupa iliyojaa, vidole vinne vimelala chini ya kichwa cha chuma.

"Hapa hapaingii maji," alimwambia. "Hiki ni chumba cha pumzi. Kila kitu kilichofungiwa kinahitaji pa kupumulia. Ukikinyima, kitajitafutia."

Kwa hiyo chupa zote za zamani zilikuwa na mstari mweupe uliochorwa kwenye kioo, vidole vinne chini ya kichwa, na kila moja ilivaa wavu wa waya kuanzia shingoni hadi kwenye kitako. Hazikuwa chupa za kupendeza. Zilifanana na watu waliovaa soksi nzito. Lakini kwa miaka ishirini na sita, ilipasuka moja tu, na vipande vyote vikabaki ndani ya wavu kama mayai ndani ya kikapu.

Kisha akaja Meneja.

Alikuja na suti ya rangi ya krimu na simu ya kupiga picha, na mwezi wake wa pili kazini akaleta saifoni mpya kumi na mbili za kioo cha bluu. Zilikuwa nzuri, hilo Mapovu hakulikana. Jua likipita ndani yake meza nzima iligeuka bwawa. Hazikuwa na mstari, na nyavu zilizokuja nazo Meneja alizivua zote siku ileile.

"Mgeni hapigi picha ya wavu," alisema.

"Mgeni hapigi picha ya jicho lililotoka pia."

"Wewe dada una maneno."

"Nina na sababu."

Akamweleza. Alimweleza kwa adabu, ndiyo inayomuuma mpaka leo. Alimwonyesha mrija unaoshuka ndani ya chupa mpaka karibu na kitako. Alimwonyesha vali na springi yake. Alimweleza kwamba gesi iliyo juu ndiyo inayosukuma, kwamba maji hayatoki kwa sababu mtu amebonyeza bali kwa sababu kuna kitu juu yake kinachoyakandamiza. Meneja alitikisa kichwa kama mtu anayesikiliza redio ya jirani.

"Wageni wanalalamika," alisema mwishoni. "Wanaona chupa haijajaa, wanadhani tunawapunja. Jaza mpaka juu."

"Sijazi."

Aliondoka. Kesho yake Mapovu alimweleza mara ya pili, naye akaondoka tena. Nyavu alizifungia kwenye kabati la ofisi yake na ufunguo akautia mfukoni. Mapovu, kwa kuwa hakuwa na rangi nyeupe ya kuchorea kioo, alifungua mkoba wake akatoa rangi ya kucha. Nyekundu, ya kung'aa, wala haikuwa yake. Aliiazima kwa wifi yake. Akapima vidole vinne kwenye kila chupa ya bluu, akachora mstari. Kumi na mbili. Ilimchukua alasiri nzima, na alipomaliza alijiona kama mtu aliyezipaka wanja.

Hiyo ilikuwa Jumamosi. Jumapili na Jumatatu Mapovu hakuwa kazini. Jumatatu saa sita na nusu mchana wifi yake, mhudumu wa barazani, alitoa saifoni ya bluu kwenye barafu, akaiweka juu ya meza ya pili, iliyokuwa juani, akapokea oda ya meza nyingine, akarudi, na alipoishika ili amimine, ikapasuka mkononi.

Daktari alisema kano mbili zimekatika. Kidole cha kati na cha pete vya mkono wa kulia vitapona, lakini kukunja, alisema, tusahau.

*

Wifi mwenyewe alishuka saa saba, mkono umefungwa bendeji mpaka kwenye kiwiko, umening'inizwa shingoni kwa kitambaa. Alikuwa mke wa kaka yake Mapovu, na katika miaka tisa ya ndoa ile mawifi hawa wawili hawakuwahi kusalimiana bila kutupiana la kutupiana.

"Hodi kwenye pango la fisi."

"Karibu, fisi mwenzangu. Mkono?"

"Upo. Umelala tu, unajifanya bibi harusi." Akaketi kwenye kreti lililopinduliwa. Macho yake yakaenda moja kwa moja kwenye barua. "Wifi."

"Usiniite wifi kwa sauti hiyo. Ukiniita hivyo ujue unataka kitu."

"Saini."

Mapovu alikuwa ameshika spana. Akaiweka chini taratibu, kwa sababu hakuiamini mikono yake.

"Rudia."

"Saini, wifi yangu. Ni karatasi. Meneja ameniahidi, ukisaini, mambo yanaisha, na mimi ananihamishia chumba cha mashuka. Nitakuwa nakunja mashuka. Sitabeba trei tena."

"Utakunja kwa mkono gani?"

Lilimtoka kabla hajalipima. Wifi alitazama bendeji yake, akaifunika kwa mkono wa kushoto.

"Haya," Mapovu alisema. "Hilo limenitoka vibaya. Lakini nikisaini, kosa ni langu, si ndiyo? Na kama kosa ni langu, basi jambo lake liko sawa. Chupa zitaendelea kujazwa mpaka shingoni. Nyavu zitaendelea kulala kabatini. Zimebaki kumi na moja, wifi. Kesho nani anazibeba? Yule dada mwenye mimba wa zamu ya jioni?"

"Kuna jingine," wifi alisema.

"Sema."

"Mistari yako."

"Imefanyaje?"

"Niliifuta mimi."

Mapovu alivuta kreti jingine akaketi.

"Jumapili asubuhi," wifi aliendelea haraka, kama mtu anayevuka barabara. "Aliniita. Akanipa pamba na kichupa cha dawa ya kufutia rangi ya kucha. Akasema, 'Wewe mtu wa kujipamba, mambo haya unayajua, zifute hizo alama.' Nikaona ni uchafu. Nikaona ni wewe na utani wako, umechukua rangi yangu niliyokuazima ukachorea chupa ili uniudhi. Nilifuta huku nacheka, wifi. Nikasema moyoni, huyu atanitambua. Sasa wakijua ni mimi watasema nimejikata mwenyewe, na hata mashuka sipati."

Hasira ilimpanda Mapovu kutoka tumboni, ikafika kifuani, ikatafuta pa kutokea. Angeweza kumshukia huyu hapa, aliye karibu, mwenye mkono mmoja. Lakini alipofungua kinywa alikumbuka kitu ambacho hakukipenda. Meneja aliambiwa naye, mara mbili. Mtunza stoo alijua tangu enzi za baba. Wahudumu, wanaozibeba chupa zile kutwa kifuani kama watoto wachanga, hakuwahi kuwaambia neno. Aliona ni mambo ya ufundi, ya chini ya ngazi, yasiyowahusu watu wa trei.

"Ningekwambia mstari ni wa nini, ungeufuta?"

"Wazimu ninao, lakini si huo."

"Basi hilo ni langu kwako. Nilipaswa kukwambia, sikukwambia. Linaishia hapa kati yetu, wala haliendi kwenye karatasi ya mtu." Akaichukua barua, akaikunja mara nne, akaitia mfukoni mwa aproni. "Sasa inuka. Unaweza kusukuma toroli kwa mkono wa kushoto?"

"Unataka kufanya nini?"

"Nataka kuonyesha watu chupa inavyopumua."

*

Saa tisa baraza lilikuwa limejaa. Meneja aliwapanga wafanyakazi upande wa ukutani, wapishi mwisho, na meza tatu za wageni waliomaliza kula wakabaki vitini kwa umbea. Katikati, kwenye kiti cha mikono, aliketi mwenye hoteli, mwanamke mzito wa miaka sabini na kitu ambaye wote walimwita Mama Mwenyewe. Fimbo yake ilikuwa imelazwa mapajani. Alikuja hotelini mara moja kwa mwezi, na siku hiyo hata paka wa jikoni walitembea kwa heshima.

"Tumekusanyika kwa jambo fupi," Meneja alianza. "Fundi wetu ana neno la kusema. Kuanguka ni kwa binadamu, na sisi ni familia moja—"

Toroli lilimkatiza. Lilikuja likilia gurudumu moja, wifi akilisukuma kwa mkono wa kushoto na tumbo, Mapovu akitembea mbele amevaa glovu za ngozi na miwani ya kazi. Juu ya toroli palikuwa na vizimba viwili vya chuma, ndoo mbili, beseni la barafu, turubai zito lililokunjwa, na saifoni moja ya zamani yenye wavu wake.

"Barua iko wapi?" Meneja aliuliza, tabasamu bado limemganda usoni.

"Ninayo. Kwanza nina maelezo yake. Mama, shikamoo."

"Marahaba," alisema Mama Mwenyewe. "Nini hicho? Umeleta mbwa?"

"Chupa, Mama. Nakuomba dakika kumi. Ukiniona nimekupotezea muda, nasaini hapa hapa mbele yako."

Mwanamke mzee aliinua kidole kimoja kutoka kwenye fimbo. Meneja, aliyekuwa amekwisha kufungua mdomo, akaufunga.

Mapovu aliinua saifoni ya zamani ili wote waione.

"Hii kila mtu anaibonyeza, wachache wanajua inafanya nini. Ndani kuna maji, na juu ya maji kuna gesi iliyobanwa. Mnaona hapa juu ya mstari? Hapa pako wazi kwa makusudi. Gesi hii inayasukuma maji chini saa zote, na maji hayana pa kwenda ila kwenye mrija huu, unaoanzia chini kabisa. Mlango wa mrija uko huku juu, umefungwa na springi. Nikibonyeza," akabonyeza, na maji yakaruka ndani ya glasi kwa sauti ya mtu anayekatwa kauli, meupe kwa mapovu, "mlango umefunguka. Nikiachia, umejifunga. Kilichobaki ndani hakijui hata kwamba mwenzake ametoka. Ndiyo maana maji ya saifoni hayaishiwi mapovu hata ukiyaacha wiki. Gesi haitoki, inasukuma tu."

"Mpaka hapo nimekuelewa," alisema Mama Mwenyewe. "Nimeyanywa miaka arobaini, leo ndiyo naambiwa."

"Sasa hizi." Akatoa kwenye barafu saifoni mbili za bluu. "Ndugu ndugu, kreti moja. Hii nimeijaza mpaka vidole vinne chini ya kichwa. Hii nimeijaza kama zilivyojazwa Jumatatu. Mtunza stoo, njoo uitazame. Ndivyo?"

Mzee wa stoo alitoka kwenye mstari wa wafanyakazi, akaitazama chupa, akamtazama Meneja, akaitazama tena chupa.

"Ndivyo," alisema. "Mpaka shingoni. Unaiachia gesi itoke mashineni mara tatu zaidi, maji yanazidi kuingia mahali pake. Ndivyo nilivyoagizwa."

"Na nani?"

"Na Meneja."

Palipita mnong'ono kwa wapishi. Meneja alicheka kidogo, kicheko cha pua.

"Mama, huu ni mchezo. Mtu anatafuta pa kutokea."

"Mtu au gesi?" Mapovu aliuliza, na mgeni mmoja wa meza ya kwanza akapaliwa na kahawa.

Aliweka kila chupa ndani ya kizimba chake, akafunga komeo, kisha akavuta ndoo mbili karibu.

"Maji haya ni ya moto? Meneja, tia kidole. Ndoo zote mbili, usije ukasema nimependelea."

Hakutaka, lakini fimbo ya Mama ilikuwa imegeuka upande wake. Akatia kidole.

"Vuguvugu tu," alisema kwa dharau. "Maji ya kuogesha mtoto."

"Wote mmesikia. Maji ya kuogesha mtoto. Jua la saa sita pale meza ya pili lina joto kuliko hili." Akavitumbukiza vizimba vyote viwili ndani ya ndoo zao, akatandaza turubai juu. "Sasa, yeyote asiye na haraka ya kufa arudi nyuma hatua tano. Mama, wewe uko mbali vya kutosha. Meneja, rudi nyuma."

"Mimi niko sawa."

"Rudi nyuma."

"Dada, mimi ndiye meneja wa hapa, sitatishwa na ndoo."

"Nimekwambia mara mbili. Ya tatu hii hapa, na watu wasikie: rudi nyuma."

Meneja alikunja mikono kifuani, akasimama palepale, viatu vyake vya krimu karibu kabisa na gurudumu la toroli.

Dakika ya kwanza ikapita, na ya pili. Wapishi walianza kuvutana mikono. Dakika ya nne Meneja alitazama saa yake kwa namna ambayo kila mtu aione. Wifi alikuwa amesimama pembeni ya Mapovu, akipumua kwa kinywa.

"Na isipopasuka?" alinong'ona.

"Nitasaini."

"Kweli?"

"Kwa mkono wa kushoto, nikukomoe."

Dakika ya sita Meneja aliinua mikono kama mtu anayefunga sala. "Nadhani Mama amekwisha kuona kwamba—"

Kishindo kilimeza lililobaki. Turubai liliruka kama mtu aliyeumwa na siafu. Maji yalipanda juu kwa kamba moja nene, yakamwagika kichwani kwa Meneja, yakashuka kwenye suti ya krimu, yakaingia viatuni. Vipande vya kioo viligonga ndani ya kizimba, ngri ngri ngri, vikatulia. Hakuna hata kimoja kilichotoka.

Matone yalidondoka kutoka kwenye nywele za mtu mkubwa.

Mapovu alifungua kizimba cha pili. Akaitoa saifoni ya bluu iliyo nzima, akaifuta kwa aproni, akasogea mpaka kwa Mama Mwenyewe na kumjazia glasi. Maji yalitoka kwa hasira ileile ya siku zote.

"Vidole vinne, Mama," alisema. "Maji yakipata joto yanavimba kidogo. Kidogo sana, huoni kwa macho. Lakini ukiyanyima chumba cha pumzi yanatafuta njia. Jumatatu yalipitia mkono wa wifi yangu, kwa sababu hata wavu haukuwepo."

"Alama hazikuwepo kwenye chupa!" Meneja alifoka, akijipangusa macho. "Ni kazi yake kuweka alama! Ziko wapi hizo alama?"

"Nilizifuta mimi."

Vichwa vyote viligeuka. Wifi alikuwa amepauka, lakini alitoka mbele, bendeji yake imeinuliwa kifuani kama mtu anayeapa.

"Zilikuwepo. Nyekundu, za rangi yangu mwenyewe ya kucha. Nilizifuta Jumapili kwa pamba. Pamba alinipa huyu, na dawa alinipa huyu, na kichupa bado kiko kwenye droo ya ofisi yake kwa sababu nilipomrudishia alisema kina harufu nzuri. Sikujua zilikuwa za nini. Yeye alijua. Wifi yangu alimwambia, na yeye alijua."

Meneja alikamua maji kwenye mkono wa suti yake.

Mama Mwenyewe alikunywa maji yake polepole mpaka yakaisha. Kisha akagonga fimbo sakafuni, mara moja.

"Ufunguo wa kabati."

Meneja aliutoa mfukoni, unadondosha maji, akampa.

"Nyavu zirudi leo. Alama zirudi. Atakayejaza chupa bila huyu kuwepo asinitafute. Huyu wa mkono atakaa mapokezi, kinywa chake naona kinafanya kazi." Akapumua, akamgeukia Mapovu, na uso wake ukabadilika, ukawa wa mtu anayetaka kufunga shughuli aende nyumbani. "Sasa na wewe. Umesema kweli, nimekusikia. Lakini hapa ni hotelini, si gulioni. Umeniletea kishindo mbele ya wageni, na umemlowesha meneja wangu mpaka soksi. Ukubwa una heshima yake. Mwombe radhi, neno moja tu, kila mtu arudi kazini."

Meneja alijinyoosha. Kwa mara ya kwanza tangu kishindo alionekana kama mtu aliyeona mlango. Wapishi walimtazama Mapovu. Mtunza stoo alimfanyia ishara kwa mkono chini chini: sema tu, sema yaishe. Hata wifi alimkanyaga kidole cha mguu.

Mapovu alivua miwani. Alivua glovu, moja, ya pili, akaziweka juu ya toroli. Akatoa barua mfukoni, akaikunjua, imelowa, wino umeanza kutambaa.

"Hapa pameandikwa mto wa kiti," alisema. "Mto umeombewa radhi, Mama. Kitambaa cha meza kimeombewa. Leo Ijumaa. Huyu dada amekatwa Jumatatu, na tangu Jumatatu hakuna mtu katika hoteli hii aliyesimama mbele yake akamwambia pole, nimekosa. Si meneja, si ofisi, na wewe Mama, kwa heshima zote, hujamwambia pia. Umemwambia akae mapokezi."

Fimbo haikusogea.

"Nilimwambia arudi nyuma mara tatu. Na kabla ya hapo nilimwambia mara mbili kuhusu chupa. Jumla mara tano. Kama anataka kukauka, jua lipo, pale meza ya pili."

"Binti," Mama Mwenyewe alisema taratibu, "nimekuomba neno moja."

"Nimelisikia, Mama, nalo ninalijua." Aliiweka barua juu ya ukingo wa ndoo, ikateleza, ikaingia kwenye maji vuguvugu pamoja na vipande. "Siombi radhi. Si leo, si kesho, si kwa mdomo wala kwa maandishi. Siombi."